Henry Molaison: Mtu asiyekumbuka aliyeifunza dunia siri ya kumbukumbu

HENRY Gustav Molaison alipofariki Desemba 2, 2008, akiwa na umri wa miaka 82, wanasayansi wa mataifa mengi walikuwa wamesoma habari zake kwa zaidi ya nusu karne bila kulijua jina lake. Katika vitabu vya tiba na saikolojia aliitwa H.M. tu, na herufi hizo mbili zilimsitiri hadi siku alipoiaga dunia.

Yeye mwenyewe hakujua kwamba alikuwa mashuhuri. Kila alipoelezwa kuwa uchunguzi aliofanyiwa umewafaa watu wengi, alifurahi kwa dhati. Lakini habari hiyo ilimponyoka baada ya dakika chache, akabaki kama mtu ambaye hakuwahi kuisikia.

Masaibu yake ndiyo yaliyothibitisha kwamba sehemu ndogo iliyojificha ndani ya ubongo, iitwayo hipokampasi, ndiyo mlango ambao matukio ya maisha hupitia ili yageuke kuwa kumbukumbu za kudumu. Mlango huo ulipoondolewa kichwani mwa Henry, aliendelea kuishi kwa miaka 55, ila hakuna siku hata moja kati ya hizo aliyoweza kuisimulia kesho yake.

KIFAFA CHAMVURUGIA UJANA

Henry alizaliwa Februari 26, 1926 katika mji wa Manchester, jimbo la Connecticut, Marekani. Alikuwa mtoto wa pekee. Babake, Gustave, alikuwa fundi wa umeme mwenye asili ya jimbo la Louisiana, kusini mwa nchi hiyo. Familia hiyo iliishi katika vitongoji vya jiji la Hartford, na maisha yao yalikuwa ya kawaida kabisa.

Akiwa na umri wa miaka saba hivi, Henry aligongwa na mwendesha baiskeli, akaanguka na kuumia kichwani. Haijathibitishwa kwamba ajali hiyo ndiyo iliyokuwa chanzo cha maradhi yake, kwa kuwa upande wa babake pia ulikuwa na jamaa waliougua kifafa.

Alipofikisha miaka 10 alianza kupatwa na kifafa chepesi. Alinyamaza ghafla, macho yakakodoa, kisha akarejelea hali yake baada ya sekunde chache. Siku alipotimiza miaka 15, mwaka wa 1941, akiwa ndani ya gari pamoja na wazazi wake, mwili wote ulikakamaa na kutetemeka. Hicho kilikuwa kifafa kikubwa, cha kwanza kati ya vingi.

Shuleni alifanyiwa mzaha na wenzake, hata akaacha masomo kwa muda. Baadaye alijiunga na shule nyingine na kuhitimu mwaka wa 1947 akiwa na umri wa miaka 21. Hata siku hiyo ya furaha iliingia dosari, kwani hakuruhusiwa kupanda jukwaani pamoja na wahitimu wenzake kwa hofu kwamba angeanguka mbele ya wageni.

Alipata vibarua vya hapa na pale, ikiwemo kazi katika kiwanda cha kuunda taipureta. Hata hivyo, ugonjwa ulizidi kumwandama. Licha ya kumeza dawa kwa vipimo vya juu, alipotewa na fahamu mara kwa mara, na kufikia umri wa miaka 27 hakuweza tena kufanya kazi.

Kuna jambo moja la utotoni linalofaa kutajwa hapa kwa sababu litarejelewa. Mnamo 1939, akiwa na miaka 13, Henry alipandishwa ndege ndogo iliyozunguka angani kwa nusu saa juu ya jiji la Hartford, na rubani akamruhusu kushika usukani kwa muda mfupi.

UPASUAJI WA 1953

Mfa maji haachi kutapatapa. Wazazi wa Henry walimpeleka kwa Dkt William Beecher Scoville, mpasuaji mashuhuri wa ubongo katika Hospitali ya Hartford.

Ni vyema kukumbuka kwamba huo ulikuwa wakati ambapo madaktari wengi waliamini kuwa matatizo ya akili yangeweza kutibiwa kwa kisu. Mwaka wa 1949, daktari wa Ureno, Egas Moniz, alikuwa ametuzwa Nobel kwa kubuni upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo wa wagonjwa wa akili. Scoville alikuwa miongoni mwa waliofanya upasuaji wa aina hiyo kwa wingi, na tayari alikuwa ameanza kujaribu kuondoa sehemu za ndani zaidi.

Agosti 25, 1953, Henry alilazwa juu ya meza ya upasuaji. Alitiwa ganzi ya kichwani pekee, hivyo alikuwa macho muda wote. Scoville alitoboa matundu mawili kwenye fuvu, juu ya macho, akaiinua taratibu sehemu ya mbele ya ubongo, kisha akatumia mrija mwembamba kufyonza nyama za ndani za ubongo katika pande zote mbili za kichwa.

Vipimo vya umeme wa ubongo vilikuwa vimeshindwa kuonyesha mahali hasa kifafa kilipoanzia. Pamoja na hayo, Scoville aliendelea. Katika maandishi yake ya baadaye alikiri wazi kwamba upasuaji huo ulikuwa wa majaribio.

Sehemu kubwa ya hipokampasi ya kushoto na ya kulia iliondolewa, pamoja na sehemu jirani iitwayo amigdala na tabaka zinazozizunguka. Hipokampasi ilipewa jina hilo katika karne ya 16 na Giulio Cesare Aranzi, mwanaanatomia wa Bologna, Italia, aliyeona kwamba umbo lake lililopinda linafanana na samaki yule mdogo wa baharini mwenye kichwa mfano wa farasi. Kwa karne kadhaa baadaye hakuna aliyejua kwa yakini kazi yake, na wengi walidhani kwamba inahusika na kunusa.

Kifafa cha Henry kilipungua sana, ingawa hakikuisha na aliendelea kumeza dawa. Kwa hilo upasuaji ulifaulu. Lakini siku zilizofuata wauguzi waligundua kwamba mgonjwa wao hakuweza kuwatambua, hata wale waliokuwa wakimhudumia kila siku. Hakuweza pia kukumbuka njia ya kwenda msalani. Alimfahamu Scoville na wazazi wake kwa kuwa alikuwa amewajua kabla ya kisu kumpita.

MTAFITI KUTOKA MONTREAL

Wakati huo, katika jiji la Montreal nchini Canada, mwanasaikolojia Brenda Milner alikuwa akifanya kazi pamoja na mpasuaji Wilder Penfield. Wawili hao walikuwa wameshangazwa na wagonjwa wawili waliopoteza kumbukumbu baada ya kufanyiwa upasuaji kwenye upande mmoja tu wa ubongo. Walishuku kwamba upande wa pili wa wagonjwa hao ulikuwa umeharibika kitambo bila yeyote kujua.

Scoville aliposoma muhtasari wa ripoti yao, alimpigia Penfield simu na kumweleza kwamba yeye pia alikuwa na mgonjwa wa namna hiyo. Milner aliabiri gari la moshi usiku kucha hadi Hartford, na Aprili 1955 akakutana na Henry kwa mara ya kwanza.

Alipomuuliza tarehe, Henry alisema ni Machi 1953. Alipomuuliza umri, alisema ana miaka 27, ilhali alikuwa na 29. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amezungumza na daktari mwingine chumbani humo, lakini hakuwa na habari kwamba mazungumzo hayo yalikuwa yamefanyika.

Jambo lililomstaajabisha Milner ni kwamba akili ya Henry ilikuwa timamu. Katika mtihani wa kupima uwezo wa akili alipata alama 112, zaidi ya 104 alizopata kabla ya kupasuliwa. Aliongea kwa ufasaha, alielewa mzaha, alikuwa na adabu na aliipenda sana michezo ya kujaza maneno magazetini. Ila Milner alipotoka nje ya chumba na kurudi baada ya muda mfupi, Henry alimsalimu kama mgeni.

Mnamo 1957, Scoville na Milner walichapisha ripoti iliyobadilisha mkondo wa taaluma hiyo. Kabla yake, wataalamu wengi walikubaliana na Karl Lashley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekata sehemu mbalimbali za bongo za panya kwa miaka mingi bila kupata makao ya kumbukumbu, akahitimisha kwamba imetapakaa kote. Henry alionyesha kwamba kuna mahali mahsusi ambapo pakiharibika, uwezo wa kuhifadhi mambo mapya hutoweka huku akili, lugha na tabia zikisalia.

Scoville naye alitumia nafasi hiyo kuwatahadharisha wapasuaji wenzake wasirudie alichofanya katika pande zote mbili za ubongo.

NAMBARI 584 NA NYOTA KIOONI

Uchunguzi uliofuata ulidhihirisha kwamba kumbukumbu si ghala moja lenye mlango mmoja.

Siku moja Milner alimpa Henry nambari 584 aikariri. Alipomrudia baada ya dakika 15, Henry aliitaja bila kukosea. Alieleza kwamba alikuwa akizijumlisha na kuzigawa tarakimu hizo kichwani muda wote ili zisimtoke. Dakika chache baadaye, mawazo yake yalipogeukia jambo lingine, hakuikumbuka nambari hiyo wala kwamba aliwahi kuulizwa.

Hapo ilibainika kwamba kuna kumbukumbu ya papo kwa papo, ile tunayoitumia kushika nambari ya simu hadi tuibonyeze, na kwamba haitegemei hipokampasi. Henry alikuwa nayo. Alichokosa ni uwezo wa kulihamisha jambo kutoka hapo hadi kwenye hifadhi ya kudumu.

Jaribio la pili lilikuwa la ajabu zaidi. Milner alimtaka Henry achore nyota kwa kufuata mistari, huku akiutazama mkono wake kupitia kwa kioo pekee. Kazi hiyo humtatiza kila mtu anapoianza, maana kioo hugeuza mambo na mkono huenda usikotakiwa.

Kwa muda wa siku tatu Henry aliifanya mara nyingi. Kila siku alihitaji kuelezwa upya, kwani hakukumbuka kuwahi kuiona. Lakini mkono wake ulikumbuka. Siku ya tatu alichora nyota hiyo bila makosa mengi, akashangaa kwamba jambo alilodhania kuwa gumu limekuwa rahisi kiasi hicho.

Kwa hivyo ujuzi wa viungo, kama vile kuendesha baiskeli au kupiga kinanda, huhifadhiwa na sehemu nyingine za ubongo. Mtu anaweza kuwa fundi wa jambo ambalo hana habari kwamba alijifunza.

Kisha kulikuwa na kumbukumbu za zamani. Henry aliwajua wazazi wake, mitaa ya utotoni na shule alizosomea. Yaliyotatizika ni ya miaka kadhaa kabla ya upasuaji. Watafiti walitoa maelezo kwamba hipokampasi huyaunganisha mambo yanayofika ubongoni kwa njia mbalimbali, yaani sura, sauti, mahali na wakati, yakawa tukio moja. Baada ya muda mrefu, tukio hilo huota mizizi katika gamba la nje la ubongo na kuweza kusimama lenyewe.

Hata hivyo, miaka ya baadaye iligunduliwa kwamba mengi ya aliyoyajua kuhusu utoto wake yalikuwa kama mifupa isiyo na nyama. Alijua kwamba familia yake ilikuwa ikisafiri likizoni, lakini hakuweza kueleza kisa mahsusi kilichotokea siku fulani. Miongoni mwa machache aliyoyasimulia kwa utondoti ni ile safari ya ndege ya 1939. Aliweza kuieleza akiwa mzee, kana kwamba bado anaiona ardhi chini yake. Wataalamu wangali wanajadiliana iwapo kumbukumbu hai za namna hiyo huwahi kuachana na hipokampasi kabisa.

MAISHA YA SASA HIVI TU

Ni rahisi kuyazungumzia majaribio na kumsahau mtu. Henry aliishi na wazazi wake kwa miaka mingi. Alimsaidia mamake kazi ndogo ndogo za nyumbani, na alisoma magazeti yale yale mara kwa mara kana kwamba yamewasili asubuhi hiyo.

Kwa muda alifanya kazi katika kituo cha kuwasaidia watu wenye ulemavu, akipachika viberiti vya gesi kwenye kadi za kuuzia. Aliifanya kazi hiyo vyema. Lakini hata baada ya miezi sita hakuweza kueleza ni kazi gani, wala kituo hicho kilikuwa wapi.

Mjomba aliyempenda sana alipofariki, Henry alipashwa habari na kuhuzunika mno. Kisha akasahau. Baadaye aliuliza mjomba huyo atakuja lini kuwatembelea, na kila alipoelezwa upya kwamba amekufa, alishtuka na kusikitika upya.

Hapa ndipo mtu huhisi uzito wa alichopoteza. Sisi tuliosalia na kumbukumbu huomboleza, tukalia, na siku zinavyosonga jeraha hufunga polepole. Matanga yana mwanzo na mwisho. Kwa Henry, msiba haukuweza kuzeeka.

Babake alifariki mwaka wa 1966. Baadaye, mamake alipozeeka na kupelekwa katika makao ya wazee, Henry aliweka ndani ya kibeti chake kikaratasi alichoandika mwenyewe, kinachosema kwamba baba ameshafariki na mama yuko katika makao ya wazee. Pale ubongo ulipomwangusha, aliikabidhi karatasi kazi ya kukumbuka. Mamake alifariki mwaka wa 1981.

Hata njaa na shibe zilimpotea. Katika jaribio moja, aliletewa chakula cha jioni akala. Sahani zilipoondolewa, aliletewa chakula kingine muda mfupi baadaye, naye akakila karibu chote bila kulalamika.

Lakini giza halikuwa kamili. Aliweza kuchora ramani ya nyumba waliyohamia miaka kadhaa baada ya upasuaji, chumba kwa chumba, pengine kwa kuwa alipita humo kila siku kwa miaka mingi. Alijua pia mambo machache kuhusu watu mashuhuri wa miaka ya baadaye, yakiwemo mauaji ya Rais John F. Kennedy mwaka wa 1963. Palipo na marudio mengi, vijichembe vya maarifa vilipenya.

Kuanzia 1980 hadi kufa kwake aliishi katika makao ya kuwatunza wazee na wagonjwa mjini Windsor Locks, Connecticut. Waliomtunza walimfahamu kama mtu mpole, mcheshi na asiye na kinyongo.

DENI LA WATAFITI

Mtafiti aliyekaa naye muda mrefu zaidi ni Suzanne Corkin, mwanafunzi wa Milner, aliyekutana naye mwaka wa 1962 na kumchunguza kwa miaka 46, mingi kati yake akiwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT. Henry hakuwahi kumjua Corkin. Kitu pekee alichohisi ni kwamba uso huo si mgeni, naye alikisia kwamba huenda walisoma shule moja.

Kuna jambo alilozoea kuwaambia watafiti, naye akalirudia mara nyingi bila kujua kwamba ameshalisema. Alisema kwamba ujanani alitamani kuwa mpasuaji wa ubongo, ila aliacha wazo hilo kwa kuwa alivaa miwani, akahofia kwamba damu ingeruka na kumziba macho katikati ya kazi, akamdhuru mgonjwa.

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Methali hii huwafaa wanaouguza jamaa zao nyumbani, lakini sayansi haiwezi kuitegemea. Mtu aliyekubali jaribio asubuhi na kusahau alichokubali kabla ya adhuhuri, je, amekubali? Baadaye mlinzi wa kisheria aliteuliwa kumtilia saini. Mwaka wa 2016 mwandishi Luke Dittrich, ambaye ni mjukuu wa Scoville, alichapisha kitabu kilichotilia shaka jinsi ridhaa hiyo ilivyopatikana, na mjadala mkali ukazuka. MIT ilimtetea Corkin, ambaye alikuwa amefariki mapema mwaka huo huo.

Kwa upande wa Scoville, alifariki katika ajali ya barabarani mwaka wa 1984. Bila shaka alikusudia kumponya Henry. Lakini kusudi jema halikurudisha kilichofyonzwa na mrija wake.

BAADA YA KIFO

Usiku ule Henry alipofariki, ubongo wake ulipigwa picha kwa saa kadhaa kabla ya kutolewa na kuhifadhiwa. Desemba 2009, Jacopo Annese na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliugandisha na kuukata vipande 2,401, kila kimoja chembamba kuliko unywele wa watu wengi. Kazi hiyo ilichukua saa 53, na watu wapatao 400,000 waliitazama kupitia kwa intaneti.

Matokeo, yaliyotolewa mwaka wa 2014, yalithibitisha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi ilikuwa imesalia, kinyume na alivyokadiria Scoville. Lakini njia kuu za kuipelekea habari zilikuwa zimekatwa, hivyo ilikuwa mfano wa bandari isiyo na barabara.

Mbegu iliyopandwa kwa masaibu ya Henry imezaa matunda mengi. Mnamo 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky, mjini London, walitangaza kwamba ndani ya hipokampasi ya panya mna seli zinazosisimka mnyama anapofika mahali fulani, kana kwamba ni ramani. Mwaka wa 2014 O'Keefe alituzwa Nobel pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway. Mnamo 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walionyesha kwamba viungo vya mawasiliano kati ya seli za hipokampasi vinaweza kuimarika kwa muda mrefu vinaposisimuliwa, jambo linaloaminika kuwa msingi wa kujifunza.

La muhimu zaidi kwa mwananchi wa kawaida ni kwamba ugonjwa wa Alzheimer huanza kwa kushambulia sehemu hii hii na jirani zake. Ndiyo sababu mzee aliyeshikwa na maradhi hayo aghalabu husahau aliyetembelea boma lake asubuhi ilhali anakumbuka waliotahiriwa pamoja naye. Si ukaidi wala uchawi. Mlango wa mambo mapya umeanza kufungika, huku ya kale yakiwa yangali ndani.

Watu wengi hukasirika nyanya au babu anapouliza swali moja mara tano kwa saa moja, wakamkemea kwamba ameshajibiwa. Maisha ya Henry Molaison yanatufunza kwamba kwake hilo ni swali la mara ya kwanza. Mamake Henry aliishi na jambo hilo kwa miaka mingi, akimjibu mwanawe kuhusu mjomba yule yule. Anayeuguza mzee wa namna hiyo hana budi naye kujibu kama aliyeulizwa sasa hivi.